Kijani cha Nairobi: Nani mlinzi wa miti na bustani za jiji?

Na Mwandishi Wetu

JINA la Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika hapo mwaka wa 1899, palikuwa mahali pa mito na vinamasi, na misitu haikuwa mbali. Zaidi ya karne moja baadaye, mito imechafuka, vinamasi vingi vimejengwa, na karibu kila bustani au msitu uliosalia una historia ya kugombaniwa.

Kila msimu wa mvua viongozi hushika majembe na kupanda miche mbele ya kamera. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kuna maswali mawili ambayo huulizwa kwa nadra. Wageni wakishaondoka, nani atamwagilia mche ule? Na mwekezaji akitokea siku moja akitaka kujenga mahali hapo, nani ana haki ya kumzuia? Historia ya Nairobi inaonyesha kwamba kijani cha jiji hudumu pale tu ambapo maswali hayo yamepata majibu.

Kesi ya Uhuru Park

Bustani ya Uhuru, iliyo kando ya katikati ya jiji, ilifunguliwa rasmi Mei 1969. Mwaka wa 1989 ulijitokeza mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60 la Kenya Times Media Trust, kampuni iliyohusishwa na chama tawala cha wakati huo, KANU. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt Movement mwaka wa 1977, alipinga mradi huo na kwenda Mahakama Kuu.

Desemba 1989 kesi yake ilitupwa. Mahakama haikuchunguza iwapo wakazi wangepoteza bustani. Iliamua kwamba yeye hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara iliyompata binafsi. Kwa maneno mengine, bustani ya umma haikuwa na mtetezi anayetambuliwa na sheria. Bungeni nako alibezwa na wabunge.

Mradi huo ulikwama kwa sababu wafadhili wa kigeni walijiondoa baada ya kelele kuzidi. Wakazi walibaki na bustani yao, lakini si kwa sababu sheria iliwalinda.

Damu Karura

Takriban miaka 10 baadaye, zamu ilikuwa ya Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 kaskazini mwa jiji. Sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi. Mnamo Januari 8, 1999, Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge na wanahabari, walifika langoni kupanda miti. Walishambuliwa na kundi la walinzi waliojihami, na yeye akajeruhiwa kichwani. Agosti mwaka huo, baada ya maandamano ya wanafunzi na shutuma za kimataifa, Rais Daniel arap Moi alitangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Msitu ulinusurika kukatwa, lakini kwa miaka kadhaa wakazi wengi waliogopa kuuingia kwa sababu ya wahalifu. Mabadiliko yalitokana na Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005, ambayo iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya jamii na kusimamia misitu pamoja na serikali. Kwa utaratibu huo, chama cha Friends of Karura kiliingia makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Uzio wa umeme uliwekwa, walinzi wakaajiriwa, baadhi yao kutoka kijiji jirani cha Huruma, na ada za wageni zikatumika kutunza msitu. Mikaratusi ilianza kuondolewa hatua kwa hatua, nayo miti ya kiasili ikapandwa mahali pake. Hata mbega wamerejeshwa humo. Leo familia hutembea na kuendesha baiskeli pale ambapo zamani hakuna aliyethubutu kwenda peke yake.

Ushirikiano huo nao haukukosa misukosuko. Agosti 2025, KFS iliagiza ada zote za kuingia Karura zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Friends of Karura walipinga hatua hiyo mahakamani. Kiini cha mzozo ni kile kile cha tangu awali: mkazi anayetunza msitu ana sauti kiasi gani katika kuuendesha?

Katiba ilivyobadilisha mambo

Katiba ya mwaka wa 2010 ilijibu sehemu ya swali hilo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ijitahidi kufikisha angalau asilimia 10 ya eneo la nchi kuwa na miti, na kushirikisha umma katika utunzaji wa mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki hiyo bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Kizuizi kilichomfungia Maathai mlango mwaka wa 1989 kikawa kimeondolewa. Yeye alifariki Septemba 2011, mwaka mmoja baada ya Katiba hiyo kuzinduliwa.

Katiba hiyo pia iligawa majukumu. Misitu mikubwa iko chini ya KFS, ilhali bustani za umma na uzoaji wa taka ni kazi ya serikali ya kaunti. Mkazi asiyejua mgawanyo huo huweza kuzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Bustani isiyo na mwenyewe

Mfano wa bustani ya John Michuki, kando ya Mto Nairobi, una funzo lake. Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliongoza usafishaji wa sehemu hiyo ya mto kuanzia 2008. Alipofariki Februari 2012, juhudi zilififia na uchafu ukarudi. Ilibidi bustani ikarabatiwe upya mwaka wa 2020. Bidii ya kiongozi mmoja ilikuwa imeisafisha, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuitunza baada yake.

Mwaka huo huo wa 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya Expressway, wanaharakati walipigania mkuyu mkongwe kwenye Waiyaki Way. Novemba, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri usikatwe. Mti huo mmoja uliokolewa kwa amri, lakini mingine mingi kando ya barabara ilianguka bila kutajwa.

Kinyume chake, mitaani kuna vikundi vidogo vinavyofanya kazi bila shangwe. Korogocho, vijana wa Komb Green Solutions waligeuza jaa la taka kando ya Mto Nairobi kuwa bustani ya wananchi. Dandora, mtaa unaojulikana kwa jaa kuu la jiji, vijana wamegeuza nyua za makazi kuwa bustani na viwanja vya watoto. Waishio hapo ndio wanaofagia, kumwagilia na kulinda.

Kazi hiyo si mapambo. Ardhi yenye miti na nyasi hufyonza maji ya mvua, ilhali saruji huyasukuma yote mtoni kwa mara moja. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu na kubomoa nyumba kando ya mito ya Nairobi, hasa Mathare. Wanaoishi karibu na maji, mara nyingi maskini, ndio hulipa gharama ya vinamasi vilivyojengwa kwingine.

Mkazi afanye nini?

Kwanza, kikundi cha mtaa kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022, ili kitambuliwe kinapoomba ardhi, maji au msaada. Pili, mikutano ya umma kuhusu bajeti ya kaunti ndipo mahali pa kudai fedha za bustani na miche. Tatu, kabla ya kupanda, hakikisha eneo ni la umma na kuna mtu wa kumwagilia mche kwa misimu miwili au mitatu ya kiangazi. Nne, ukiona uzio au tingatinga katika bustani ya umma, dai kuona leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na kumbuka kwamba Kifungu cha 70 kinakupa njia ya kwenda mahakamani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa miti ya jiji. Serikali ya kaunti inaweza kutoa miche, maji na ardhi, lakini isipowapa wakazi nafasi inayotambuliwa na sheria, kila msimu wa mvua itakuwa inapanda upya palepale.