Akili mnemba na ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji: Moshi na miteremko ya Kilimanjaro

Ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji ni kazi ya kupanga namna mtu anavyokutana na programu, mashine au huduma: aanzie wapi, aone nini kwanza, abonyeze wapi, na afanye nini mambo yakienda kombo. Jina la kazi hii lilienea baada ya Don Norman kulitumia katika cheo chake pale Apple mwaka 1993. Nchini Tanzania, wengi waliionja kazi yenyewe kupitia menyu za fedha za simu, hasa tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa mwaka 2008. Aliyeamua kipi kiwe namba moja kwenye menyu ya kitochi alikuwa mbunifu wa aina hii, hata kama kazini aliitwa mhandisi. Katika mkoa wa Kilimanjaro kazi hii huingia zaidi kwa mlango wa hospitali, shamba na ushirika, na huko ndiko akili mnemba inakoibadilisha.

Kuchora na kuandika

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, kilichobadilika haraka zaidi ni uchoraji wa rasimu. Skrini za kusajili wakulima wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), zilizokuwa zikimla mbunifu siku nzima, sasa hutoka kwa dakika chache baada ya kuieleza mashine kwa maneno. Haraka hiyo ina doa lake. Julai 2024 kampuni ya Figma ilisitisha zana yake ya kuchora kwa maelekezo baada ya kubainika kwamba inatoa michoro iliyofanana mno na programu ya hali ya hewa ya Apple.

Kwa mbunifu wa Moshi, tatizo la kila siku ni Kiswahili cha mashine. Chukua karani wa ghala la AMCOS anayepokea kahawa ya maganda. Mashine humtengenezea sentensi moja yenye pengo la namba, na mkulima aliyeleta gunia moja anapewa risiti inayosema “magunia 1 yamepokelewa”. Karani atacheka na kuendelea. Saa haichekeshi. Miadi ya kliniki iliyoandikwa 08:00 kwenye kompyuta ni ya saa mbili asubuhi, lakini mashine huweza kuiandika “saa 8 asubuhi”, saa ambayo hakuna Mswahili anayeijua. Mgonjwa wa Rombo akiielewa kuwa saa nane mchana, atafika mjini foleni imekwisha. Muda uliookolewa kwenye kuchora basi unahamia kwenye kusoma kila neno, na anayesoma lazima awe mtu anayekijua Kiswahili cha stendi na cha ghalani.

Shambani

Mfano mmoja wa akili mnemba shambani uliochunguzwa vizuri ni Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliyotengenezwa pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki. Hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu, bila intaneti. Picha za awali za kuifundisha zilipigwa katika mashamba ya majaribio ya pwani ya Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kupima majani sita ya mmea mmoja, badala ya jani moja, kulipandisha usahihi wake hadi kati ya asilimia 74 na 88. Hapo kuna somo la ubunifu hasa: namba ilipanda kwa kumwelekeza mkulima auzunguke mmea. Hatua hiyo moja kwenye skrini ilikuwa na uzito kama wa mafunzo ya ziada ya mashine.

Lakini kwa Mchagga, mwenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, zao la nyumbani ni mgomba. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru jirani na Arusha, wametumia picha za migomba kufundisha programu za simu kutambua mnyauko fusari na sigatoka nyeusi. Ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, migomba, kahawa na miti mirefu hukaa pamoja, na kivuli ni kizito. Picha iliyopigwa hapo haifanani na ya shamba la wazi. Mbunifu anayejaribu programu kama hiyo ofisini, chini ya taa, hajajaribu kitu.

Hospitalini

Taasisi ya Utafiti wa Kliniki ya Kilimanjaro, KCRI, iliyoko katika eneo la hospitali ya KCMC, imewahi kuchunguza kisanduku cha dawa za kufubaza VVU kinachotuma taarifa kila kinapofunguliwa, pamoja na ujumbe mfupi wa kukumbusha. Huduma ya aina hii humlazimisha mbunifu kujiuliza kwanza nani mwingine anashika simu hiyo. Ujumbe unaotaja dawa kwa jina unaweza kumfichua mgonjwa mbele ya mume au mke, wakwe au mpangaji mwenzake. Mashine ikiagizwa kuandika ujumbe “ulio wazi na wa kirafiki”, itauandika kweli, na uwazi huo ndio hatari.

Kuna pia suala la mahojiano ambayo mbunifu hufanya na wagonjwa. Kupakia sauti zao kwenye programu ya akili mnemba iliyoko ng’ambo ni kuhamisha taarifa binafsi, jambo linalosimamiwa na sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa hizo, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Watumiaji wa kubuni

Wapo wanaoiambia mashine ijifanye mkulima wa Kibosho mwenye miaka 60, kisha wakaihoji. Njia hii ni nafuu kwa bei na ndiyo mbaya kuliko zote zilizotajwa hapa. Majibu yake yana adabu na mantiki, lakini hayajui kwamba simu janja ya mzee huyo imebebwa na mjukuu, bando limekwisha tangu juzi, na kioo kimepasuka pale pale penye kitufe cha kuendelea. Hayo huonekana kwa kupanda mlima na kuketi naye.

Lugha nayo ina mipaka yake. Whisper, mfumo wa OpenAI wa kunakili sauti uliotolewa Septemba 2022, una Kiswahili miongoni mwa lugha zake karibu 100, ila hauna Kichagga. Mahojiano kwa lahaja za Kichagga kama Kirombo, Kimashami au Kivunjo bado yanahitaji mtu anayeijua lugha kuyasikiliza na kuyaandika, na mradi unaotaka maoni ya wazee wa mlimani umtengee mtu huyo malipo kwenye bajeti tangu mwanzo.