Saa Inayochechemea

Idd ikikaribia, nyumba nyingi za mwambao hupakwa rangi. Picha huteremshwa, vyombo hutolewa uani, na saa ya ukutani, ile ya kasha la mti yenye kioo mbele na kizito cha shaba kinachobembea, hulazwa kitandani juu ya mto kama mgonjwa. Rangi ikikauka, saa inarudi kwenye msumari wake ule ule. Inatiwa ufunguo, kizito kinasukumwa kidogo, inaanza kulia. Baada ya dakika tano, kimya. Inasukumwa tena, kimya tena. Kufika jioni nyumba nzima imekubaliana kwamba saa imekufa, na aliyeibeba ndiye anayelaumiwa.

Fundi akija hafungui hata kioo. Anasimama mbele ya saa, anainamisha kichwa, anasikiliza. Kisha anaweka kidole gumba kwenye pembe ya chini ya kasha na kulisogeza kushoto, kiasi cha upana wa punje ya mahindi. Anasikiliza tena, anasogeza tena, pungufu ya mara ya kwanza. Mlio unabadilika. Saa haisimami tena.

"Haikuwa na ugonjwa," anasema. "Haikukaa sawa tu."

Neno hilo, sawa, ndilo linalowapa kazi waunda istilahi. Mtu akisema "saa iko sawa" anaweza kuwa anasema mambo matatu yasiyo na undugu wa karibu: kwamba akrabu zinaonyesha wakati wa kweli, kwamba kasha limetundikwa bila kuinama, au kwamba mlio wa kushoto na mlio wa kulia inaachana kwa muda uleule. Fundi hayachanganyi, kwa kuwa kila moja lina dawa yake mkononi mwake. Yanachanganyika yakiandikwa. Msomaji akiambiwa "isawazishe saa ili iende vizuri", atachukua pima maji, aiweke juu ya kasha, ahakikishe kiputo kimekaa katikati kabisa, na saa itasimama vilevile. Atakuwa ametii maagizo yote na bado nyumba iko kimya.

Mafundi wa Kiingereza walilikwepa tatizo hili mapema. Jambo la tatu walilipa jina la sikio: neno lilelile wanalolitumia kwa pigo la ngoma na pigo la moyo. Saa yao huwa ndani ya pigo au nje ya pigo, na pima maji haina sauti katika shauri hilo. Kiswahili nacho kinahitaji neno la namna hiyo, na ili kulipata, inafaa kwanza kutazama kinachotokea nyuma ya uso wa saa.

Saa ya kizito ina asili inayojulikana. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alifanikiwa kuufunga mwendo wa kizito kinachobembea na magurudumu ya saa, na mwaka uliofuata fundi Salomon Coster wa The Hague akapewa haki ya kuziunda na kuziuza. Kabla ya hapo saa nzuri ilipotea robo saa kwa siku bila mtu kushangaa. Baada yake kosa lilihesabiwa kwa sekunde. Siri ni kwamba kizito chenye fimbo ya urefu fulani hubembea kwa muda uleule takriban, hata kama mbembeo wake ni mpana kidogo au mwembamba kidogo.

Nguvu inatoka kwenye kamani iliyokunjwa kwa ufunguo, au kwenye mawe mazito yanayoshuka polepole. Nguvu hiyo ingeachiwa, magurudumu yangezunguka kwa fujo na kumalizika kwa dakika chache. Kinachoyazuia ni kipande cha chuma chenye umbo la nanga, kinachopanda na kushuka juu ya gurudumu la mwisho lenye meno makali. Nanga ikiinama kushoto, jino moja linaponyoka upande mmoja na jingine linanaswa upande wa pili: tik. Ikiinama kulia, linanaswa la huku: tak. Kila jino linapoponyoka huisukuma nanga kidogo, na msukumo huo unashuka kwa ufito mwembamba wenye uma mwishoni, unaoikumbatia fimbo ya kizito. Kizito kinaamrisha magurudumu yasubiri. Magurudumu yanakilipa kizito kwa kukisukuma kisichoke.

Sasa tuseme kasha limeinama. Kizito chenyewe hakijui habari za kasha. Chenyewe kinaning'inia kuelekea ardhini kama kawaida. Lakini nanga na gurudumu lake vimefungwa kwenye kasha, vimeinama nalo. Jino la kushoto linaponyoka mapema, kizito kikiwa kimesogea kidogo tu, na la kulia linachelewa mpaka kizito kifike mbali. Sikio linasikia tik-tak, kituo; tik-tak, kituo. Saa inachechemea. Upande ule wa mbali, kizito kisipofika, jino haliponyoki. Jino lisipoponyoka hakuna msukumo. Na bila msukumo mbembeo unafifia hadi unakufa. Kwenye saa ya kamani ugonjwa huu una tabia ya kudanganya. Siku ya kutiwa ufunguo kamani ina nguvu tele, mbembeo ni mpana, na saa inachechemea huku ikienda. Siku ya nne au ya tano kamani imelegea, na saa inasimama usiku watu wamelala. Wenye nyumba husema inahitaji ufunguo mara mbili kwa wiki. Haihitaji.

Na haihitaji sana kuinama. Kasha lenye urefu wa sentimita 60, likisogezwa chini kwa sentimita moja, limeinama karibu digrii moja. Kwa macho ni kitu kidogo, lakini kizito cha saa ya ukutani chenyewe hubembea digrii chache tu kila upande, kwa hiyo digrii moja ni sehemu kubwa ya mali yake. Ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliopakwa lipu kwa mkono miaka na miaka, una matuta na mabonde yanayotosha kulifanya hilo bila mtu kuona.

Kuna kosa moja linalostahili kukatazwa kwa nguvu. Watu wengi, saa ikichelewa, huanza kuiinamisha huku na huku. Kuinama husababisha saa isimame. Hakuifanyi ichelewe dakika kumi kwa wiki. Kuchelewa na kuwahi ni mambo ya urefu wa fimbo, na dawa yake ni nati ndogo chini ya kizito: kizito kikipanda saa inakimbia, kikishuka inazembea. Kwa fimbo ya karibu mita moja, ile inayokwenda sekunde moja kila upande, milimita moja tu ni sekunde 43 kwa siku.

Somo hili lilipatikana karibu na ikweta. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alisafiri hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, na saa iliyokuwa sahihi kabisa Paris. Kule ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Saa ilikuwa nzima na imetundikwa vizuri. Alilazimika kuifupisha fimbo kwa karibu milimita 3. Baadaye Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliutumia ushahidi huo kuonyesha kwamba dunia imetuna katikati, na kwamba kwenye ikweta vitu vinavutwa chini kwa nguvu pungufu kidogo. Hesabu hiyohiyo inaihusu Unguja. Saa ya kizito iliyorekebishwa London ikiletwa mjini Zanzibar bila kuguswa nati, itachelewa zaidi ya dakika 2 kila siku, robo saa kwa wiki. Na saa zililetwa nyingi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya wenye nacho vya Unguja vikiwa vimepambwa kwa vioo vikubwa na saa za kila namna. Kila moja ya kizito katika zile saa ilidai mambo mawili kwa mwenyewe: nati ipandishwe, na kasha liwekwe vizuri. Ni huduma mbili, na zinastahili majina mawili.

Jina gani basi? Neno linalokuja kwanza ni mizani, na lina mvuto wa kweli. Katika shairi la mizani 16, mshororo hukatwa vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja mizani 8. Silabi moja ikipungua upande mmoja, malenga anaisikia kabla hajahesabu kwa vidole. Saa inayochechemea ni mshororo wa mizani 6 kwa 10: jumla haijapungua, dakika ina idadi yake ileile ya milio, ila mgawanyo umeharibika. Hakuna mfano unaolieleza jambo hili vizuri zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Hata hivyo mizani tayari ina mzigo wa duka, wa ushairi na wa haki mahakamani, na kuliongezea saa kutalifanya libebe zaidi ya linavyoweza.

Timazi nayo imo njiani. Ni uzi wa mwashi wenye chubwi ya risasi, unaomwonyesha kama ukuta umesimama wima. Kwa kweli kizito cha saa kikiwa kimetulia ni timazi tosha, ndiyo maana baadhi ya saa za ukutani za mtindo wa Vienna zina kibao kidogo chenye mistari nyuma ya kizito: saa ikiwa imesimamishwa, ncha ya chini ielekee mstari wa kati. Timazi inafaa kubaki kwa kazi hiyo, ya wima wa kasha.

Linabaki pigo. Pingamizi lake ni kwamba saa "hupiga" pia kwa maana ya kengele: imepiga saa nne. Lakini kwa kengele wasemaji wengi wana neno jingine wanalolitumia kila siku, kugonga, na wakiachiwa wao wenyewe watasema saa imegonga. Mapigo yamekwisha kuzoeleka kwa moyo, kitu kinachokwenda kwa jozi, kinachosikilizwa na mtaalamu aliyeinamisha kichwa. Kwa hiyo makala hii inaunga mkono mapigo sawia kwa hali ya uzima, na kuchechemea kwa ugonjwa wake. Sawia lina maana nyingine, ya papo hapo, lakini likikaa nyuma ya nomino hakuna wa kulikosea. Na sawa lile la kila kitu linapata kupumzika: saa sahihi kwa wakati, kasha wima kwa ukuta, mapigo sawia kwa sikio. Kuchechemea hakuhitaji hata kufundishwa. Mtoto akisikilizishwa saa iliyoinama na kuulizwa inatembeaje, atajibu hivyo mwenyewe.

Uzuri wa maneno haya unaonekana yakitumika kutoa maagizo. Tundika saa kasha likiwa wima. Simamisha kizito. Bandika kipande cha karatasi nyuma yake na utie alama ya penseli mahali ncha inapotulia. Sogeza kizito polepole kwa kidole kwenda kushoto mpaka usikie tik, tia alama. Rudisha, nenda kulia mpaka tak, tia alama. Nafasi hizi mbili zikilingana kutoka katikati, mapigo ni sawia. Zisipolingana, kuna njia mbili. Ya haraka ni kusogeza chini ya kasha mpaka mlio ulingane, na kukubali kwamba saa itaonekana imeinama kidogo. Ya kudumu ni kuukunja ule ufito wenye uma. Kwanza tafuta upande wa kasha ambao ukiinuliwa saa inaacha kuchechemea. Kisha rudisha kasha wima, na ufito ukunjwe kidogo sana kuelekea upande huohuo ulioinuliwa. Chuma chake ni laini. Kishikwe juu kwa mkono mmoja, kikunjwe chini kwa mwingine, ili nguvu isifike kwenye nanga.

Kisha kasha lishikwe imara, jambo lisiloletwa na wima peke yake. Mwaka 1665 Huygens, akiwa mgonjwa kitandani, aliona saa zake mbili zilizotundikwa kwenye boriti moja zikiishia kubembea kwa kupokezana, moja kushoto nyingine kulia, kila baada ya muda hata akizivuruga. Zilikuwa zikisukumana kupitia mti, kwa mitikisiko ambayo jicho halioni. Kasha linaloning'inia kwenye msumari mmoja uliolegea hunyonya nguvu ya kizito kwa njia hiyohiyo. Saa ndefu za kusimama sakafuni hupatwa zaidi: mawe yake yakishuka hadi usawa wa kizito, nayo huanza kubembea taratibu, na saa ikasimama katikati ya wiki bila kosa lolote ndani.

Mafundi wengi, wakimaliza, huchora mstari mwembamba wa penseli ukutani kufuata ubavu wa kasha, ili siku saa ikiteremshwa irudi palepale. Mstari huo ndio unaofunikwa na rangi ya Idd. Afadhali skurubu mbili ndogo kwenye pembe za chini, zinazoingia ukutani kupitia ubao wa nyuma wa kasha. Mpaka rangi atazizunguka kwa brashi, na matundu yake yatakuwapo mwaka ujao.