Betri ya pili imejificha wapi?

Ukikutana na Kombi kuukuu ya wasafiri hapa Dodoma, kwenye barabara kuu ya zamani ya kutoka Cape Town hadi Cairo, injini inawaka vizuri ila taa za ndani hakuna, usishangae. Gari la kulala lina betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya taa na friji. Hii ya pili ndiyo hujificha.

Sababu ni ya kale. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi mwaka 1859, na mpaka leo ukiichaji hutoa gesi ya hidrojeni. Basi waundaji wakatafuta mahali penye hewa, tena si mbali na alteneta, maana waya mrefu hupoteza umeme. Kwenye Kombi za miaka ya 1970 chungulia nyuma, upande wa kushoto wa injini (kwa joto lile, jamani, betri itadumu kweli?). Toleo la 1979 likazihamishia chini ya viti vya mbele.

Bado huioni? Fuata waya mnene mwekundu. Ila chonde, usimulike kwa kiberiti. Hidrojeni hulipuka. Tumia tochi ya simu.