Hali za maji

Hali za maji ni sura tatu ambazo maji huwa nazo duniani: barafu (mango), maji ya kawaida (kiowevu) na mvuke (gesi). Molekuli zake ni zilezile, H₂O. Kinachobadilika ni mpangilio na mwendo wake.

Kwenye usawa wa bahari, barafu huyeyuka kwa nyuzijoto 0 za sentigredi na maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Mlimani shinikizo la hewa hupungua. Kwa hiyo katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka kwa takriban nyuzijoto 80. Huko pia sehemu ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka kwanza.

Maji huvukizwa hata yasipochemka, ndiyo maana nguo zilizoanikwa hukauka hata kivulini. Mvuke ukigusa kitu cha baridi hutonesha, yaani hugeuka tena kuwa maji, kama matone yanavyojikusanya chini ya mfuniko wa sufuria ya wali.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kwa hiyo barafu huelea, na chupa iliyojaa pomoni hupasuka ndani ya friza. Katika nchi za baridi, maziwa huanza kuganda juu, na samaki huendelea kuishi chini ya barafu hiyo.