Tiba na msaada kwa wenye usonji

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maisha yote, ambayo huathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake, na huambatana na vitendo vya kurudiarudia na hisi zinazozidiwa na sauti, mwanga au mguso usiowasumbua wengine. Kwa kuwa si maradhi ya kuingia mwilini na kutoka, hakuna dawa ya kuuondoa. Tiba katika uwanja huu ni kumfundisha mwenye usonji stadi anazozihitaji, kumpunguzia yanayomtesa, na kuwafunza walio karibu naye kumwelewa. Jambo hilo la tatu ndilo lililochelewa kuliko yote kukubalika.

Lilichelewa kwa sababu wazazi walianza kwa kulaumiwa. Baada ya daktari Leo Kanner kueleza habari za watoto 11 wenye usonji huko Marekani mwaka 1943, mwandishi Bruno Bettelheim na wengine walidai kuwa chanzo cha usonji ni ubaridi wa mama, na mtoto akatengwa na wazazi wake kwa jina la matibabu. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliipinga dhana hiyo katika kitabu chake cha 1964, na uchunguzi wa pacha uliochapishwa mwaka 1977 ukaonyesha kuwa urithi una nafasi kubwa.

Katika kufundisha stadi, njia iliyoenea zaidi Marekani ni uchambuzi tumizi wa tabia, ambao huigawa stadi moja, kama vile kunawa mikono, katika hatua ndogondogo na kumtuza mtoto kila anapofaulu katika hatua. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas wa California aliripoti watoto 19 waliofundishwa kwa njia hiyo takriban saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi, ambao 9 kati yao walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida. Habari hizo ziliwapa wazazi matumaini makubwa, ingawa watoto hawakugawanywa katika makundi kwa kura, na mafunzo yenyewe yalihusisha makaripio makali na hata kofi la pajani. Adhabu za namna hiyo zimeachwa kwa sehemu kubwa, lakini watu wazima wengi wenye usonji hulalamika kwamba walifundishwa kuuficha usonji wao: kukodolea watu macho huku wakiumia, au kuacha kupunga mikono, kitendo ambacho huwatuliza. Malalamiko hayo yana uzito, maana mtoto asiyewasumbua watu si lazima awe mtoto aliyetulia moyoni.

Njia nyingine huyabadili mazingira. Mwanasaikolojia Eric Schopler wa North Carolina alitumia ratiba za picha na mpangilio maalumu wa chumba, ili mtoto aone kwa macho kazi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa asiyesema, hutumika kadi: anayetaka maji humkabidhi mwenziwe picha ya maji, naye hupewa maji papo hapo. Hofu ya wazazi kwamba kadi zitamzuia mtoto kusema haijathibitishwa na tafiti.

Dawa za hospitali zina nafasi finyu. Risperidoni, kwa mfano, hupunguza hasira kali na kujiumiza, lakini huongeza uzito wa mwili na haigusi usonji wenyewe. Ziko pia tiba za uongo, zikiwamo kunywesha watoto kemikali za kung'arisha nguo na kuwapa dawa za kutoa madini mwilini, ambazo zimewahi kuua.

Kuhusu kuwafunza walio karibu na mtoto, katika jaribio la watoto 152 lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010, wazazi walionyeshwa video za wao wenyewe wakicheza na watoto wao, wakajifunza kuzitambua ishara ndogo za mtoto na kuzijibu. Manufaa ya mwanzo yalikuwa ya wastani, ila yalionekana hata baada ya takriban miaka sita. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo ya walezi, yaliyojaribiwa katika nchi nyingi zikiwamo Kenya na Ethiopia, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mkufunzi anaweza kuwa mhudumu wa afya wa jamii, na vifaa vya mchezo ni vile vilivyomo ndani ya nyumba.