Midoli ya Star Wars ilianzia kwenye meza ya kazi

Mei 25, 2027 filamu ya kwanza ya Star Wars itatimiza miaka 50, na wakusanyaji wa midoli yake watakuwa na sherehe yao. Minadani kinachogombewa ni mdoli ambao haujawahi kutoka kwenye boksi. Ule ambao mwenyewe ameupaka rangi upya huhesabiwa umeharibika, na bei hushuka hapo hapo. Hukumu hiyo ni ya uonevu, kwa sababu midoli hiyo hiyo ya Star Wars ilizaliwa kwa kubadilisha midoli ya wengine.

Midoli ya mashujaa yenye viungo vya kukunjika ilivuma mwaka 1964, Hasbro ya Marekani ilipotoa G.I. Joe, mwanajeshi wa kimo cha sentimita 30. Mwaka 1966 Palitoy ikamwingiza Uingereza kwa jina la Action Man. Kisha Mego wakaja na mashujaa wa vitabu vya katuni, wa sentimita 20.

Mego ndio walioikataa leseni ya Star Wars. Ikaangukia Kenner, kampuni ya Cincinnati, Ohio, ambako mbunifu Jim Swearingen alikuwa amesoma hadithi ya filamu ikamkaa moyoni. Mabosi walihitaji kuona kitu cha kushika mkononi. Swearingen, ambaye simulizi yake ndiyo ninayoifuata hapa, ameeleza kwamba walichukua Adventure People, midoli midogo ya washindani wao Fisher-Price, wakaigeuza kuwa wahusika wa filamu. Sampuli za kwanza za biashara iliyokuja kuuza mamilioni kwa mamilioni ya midoli zilikuwa kazi ya mikono, juu ya miili iliyotoka kiwanda kingine.

Ipo simulizi inayopendwa zaidi. Bosi wa Kenner, Bernard Loomis, alitanua kidole gumba na cha shahada akauliza kama kimo hicho kingefaa; mbunifu akachukua rula, ikasoma inchi tatu na robo tatu, yaani sentimita 9.5 hivi. Ni simulizi tamu, lakini midoli ya Fisher-Price tayari ilikuwa na kimo kama hicho. Mimi naiamini meza ya kazi kuliko vidole vya bosi, na inaniuma kwamba vidole ndivyo vinavyosimuliwa zaidi. Udogo huo ndio uliowezesha kutengeneza chombo kama Millennium Falcon ambacho rubani wake anakaa ndani na mzazi bado anaimudu bei.

Mengine yanajulikana. Krismasi ya 1977 midoli haikuwa tayari, maduka yakauza hati ya ahadi ndani ya kadibodi, na midoli minne ya kwanza ikafika kwa posta mwaka uliofuata. Mwaka 1991 Kenner ikaingia mikononi mwa Hasbro, ambayo siku hizi huchapa nyuso za midoli kwa mashine.

Kubadilisha midoli hakukuishia kiwandani. Anayeanza hutafuta mdoli wa mtumba. Huuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki huweza kutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kichwa kikigoma kutoka, maji ya moto hulainisha shingo. Magoti na viwiko hupigwa msasa mwepesi pale vinaposuguana, kwani ndipo rangi inapobabuka kwanza. Rangi ya akriliki huzimuliwa kwa maji, hupakwa tabaka jembamba, ikikauka huongezwa jingine. Anayeharakisha kwa tabaka moja nene huziba mikunjo ya uso, na mdoli hubaki hauna sura. Macho huachwa hadi mwisho, halafu vanishi isiyong'aa.

Mwaka 2015 Sonia Singh wa Tasmania, Australia, alivuta macho ya dunia kwa midoli ya Bratz ya mitumba. Aliifuta vipodozi vya kiwandani, akaichorea nyuso za watoto wa kawaida, mama yake akaifumia nguo. Wanunuzi walipomzidi nguvu, akatoa video za kuwafundisha wafanye wenyewe majumbani mwao.