SEHEMU YA 5: WALIOTUNZA MITO YETU KABLA YETU

Leo naleta historia. Usiseme "nesi na historia wapi na wapi", soma kwanza hadi mwisho.

Hapa Mbaha tunakaa kando ya Ziwa Nyasa, mgongoni tuna milima. Maana yake maji yetu yanaanzia kwa watu wengine huko juu. Mvua kubwa zikija, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa. Lile tope si uchafu wa macho tu. Linashuka na vinyesi vya watu na mifugo. Halafu ukitia dawa ya klorini kwenye maji ya tope, sehemu ya dawa inaishia kwenye tope badala ya kuua vijidudu. Mama anasema "mbona dawa nimeweka na mtoto anaharisha?" Jibu huwa liko shambani, mlimani, mbali kabisa na ndoo yako.

Sasa sikia. Karne ya 19 Wangoni walipoingia upande wa Songea, Wamatengo wengi walibanana kule juu milimani Mbinga. Ardhi ndogo, mteremko mkali, mvua nyingi. Ukilima ovyo udongo wote unashuka mtoni na watoto wanalala njaa. Kilimo kilichowaweka hai pale ni cha ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga chini kama vyumba vya mraba. Wanawake wanashika jembe, wanachimba katikati ya kila chumba na kufunika zile nyasi kwa udongo. Kinabaki kishimo katikati na tuta pembeni. Mwezi wa tatu wanapanda maharage juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha maji yanatuama kwenye vishimo na kuzama taratibu, hayakimbii na udongo. Nyasi zinaoza, zinakuwa mbolea.

Umeona hapo? Bibi zetu hawakuitwa "watunza mazingira", hawakupewa fulana wala posho. Walikuwa wanalisha watoto, na kwa jembe lile lile wakautunza mto.

Na ardhi yenyewe waliigawa kwa kufuata maji. Kipande cha mlima kilichopo kati ya vijito kinaitwa ntambo, na kila ukoo ulikuwa na ntambo yake. Kwa hiyo ukoo ulijua kijito chake. Mambo yakiwa mazito, familia ilikaa sengu: wanakula pamoja, wanaongea, wanaamua.

Baadaye mambo yakabadilika. Kahawa iliingia miaka ya 1920 ikaleta hela, watu wakaongezeka, ardhi ya ukoo ikawa haitoshi. Wengine wakahamia misitu ya mbali kufungua mashamba mapya, wengine wakalima hadi ukingoni mwa mto. Tusiwalaumu tu, kila mtu alikuwa anatafuta ada na chakula. Ila maji yaliyotoka kuosha kahawa yakarudi mtoni, na udongo ukafuata.

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, kwa msaada wa Japani kupitia JICA, kilianza mradi wa maendeleo vijijini huko Mbinga. Kijiji cha Kindimba wananchi wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Kamati yao wakaiita Sengu, jina la wazee lile lile. Na hapo ndipo akili ilipo: mto ukikauka mashine inasimama, mama anarudi kubeba gunia kichwani. Kwa hiyo vikundi vikapanda miti, vikachimba mabwawa ya samaki. Walitunza mto kwa sababu mto ulikuwa na kazi inayoonekana.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Sheria ya maji ya 2009 ikaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji. Sisi tuko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa, makao yake Tukuyu. Lakini Tukuyu ni mbali. Mita 60 hazipimwi na bodi peke yake, zinapimwa na jirani anayemwambia jirani.

Na msidhani ni suala la kuhara tu. Mbasa, yule samaki mnayempenda, hutoka ziwani na kupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga kwenye changarawe safi. Tope likifunika changarawe, mayai yanakufa. Mtoto anakosa maji safi na kitoweo kwa pamoja.

Kinachonikera ni kimoja. Kwenye kutunza mto, wanaobeba miche mara nyingi ni wanawake. Kwenye kikao cha kuamua nani alime wapi, wanawake wanakaa nyuma. Mama, aliyeshika jembe la ngoro alikuwa bibi yako. Nenda kwenye mkutano wa kijiji, kaa mbele, uliza jumuiya ya watumia maji iko wapi na nani yumo. Baba kijana, mpeleke mkeo, mtoto baki naye wewe.

Wakati huo, nyumbani: acha maji yatulie, chuja kwa kitambaa safi, chemsha. Mtoto akiharisha mpe ORS na zinki siku 10 hadi 14, endelea kunyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, au hawezi kunywa, njoo kituoni hapo hapo, usisubiri asubuhi.

Niambie hapo chini: kijito cha kwenu kinaitwaje, na nani anakitunza? Sehemu ya 6 tutaongea kichocho na watoto wanaoogelea ziwani.